Pumzi Kabla ya Mteremko

Kwenye mashindano ya triathloni ya porini, ambako mtu huogelea, huendesha baiskeli ya milimani, kisha hukimbia, nilipewa kibendera cha njano na filimbi, nikaambiwa nisimame kwenye kona iliyo chini ya mteremko wenye mawe, ili niwaonye waendesha baiskeli wanaokuja iwapo mwenzao ameanguka mbele yao. Waliotangulia walipita vizuri, mmoja baada ya mwingine, na mawe madogo yakiruka nyuma ya magurudumu yao. Kisha akaja mwanamke mmoja ambaye siku iliyotangulia, wakati wa kuikagua njia, nilimwona akiipita kona hiyohiyo mara kadhaa kwa utulivu wa mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Siku ya mashindano aliifikia mdomo ukiwa wazi, macho yakiwa yameganda kwenye gurudumu la mbele. Alishika breki akiwa amekwisha kuchelewa, akaenda moja kwa moja vichakani.

Hakuumia. Alijinasua kwenye matawi, akaunyoosha usukani, akaendelea.

Baadaye akapita mzee mmoja aliyekuwa nyuma sana ya wenzake, ambaye siku ya kukagua njia alishuka na kuisukuma baiskeli yake mahali hapo. Safari hii aliipita kona akiwa juu ya baiskeli, midomo imefumbwa, kichwa kimeinuka, akitazama kule anakokwenda.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Njia ilikuwa moja, mawe yalikuwa yaleyale, na ujuzi ulikuwa upande wa yule aliyeishia vichakani. Ikiwa ujuzi ndio unaomlinda mtu kwenye baiskeli ya milimani, mbona haukumlinda yeye?

## Kusikia kabla ya kuona

Watu wawili hawathibitishi kitu, na nililijua hilo tangu mwanzo. Lakini kona ile ilikuwa na sifa moja: mteremko ulifichwa na miti, kwa hiyo ulimsikia mtu kabla hujamwona. Ulisikia mnyororo ukigonga fremu, ulisikia pedi za breki zikisaga diski, na zaidi ya yote ulisikia pumzi. Baada ya yule mwanamke kupita nilianza kusikiliza kwa makusudi, na saa zilivyosonga niligundua kwamba mara nyingi niliweza kukisia jinsi mtu atakavyoikata kona kabla hajatokeza. Waliokuwa wakihema kwa nguvu, pumzi fupifupi zenye sauti, walitokea wakiwa wima mno juu ya tandiko, mikono imekakamaa, na walibana breki ndani ya kona badala ya kabla yake. Waliokuwa wakipumua kwa kina walitokea wameinama, viwiko vimefunguka, magoti yamelegea.

Sikuwa sahihi kila mara. Wapo walioteleza huku wakiwa watulivu kabisa, kwa sababu jiwe lilihama chini ya tairi au kwa sababu walichagua upande mbaya wa njia, na yupo aliyehema kama anayezama lakini akapita bila kutikisika. Hata hivyo mwelekeo ulikuwa wazi mno kuupuuza. Nilikuwa nimezoea kuufikiria usalama wa kipande cha baiskeli kama suala la mteremko wenyewe: jinsi ya kukaa, jinsi ya kushika breki, jinsi ya kuchagua mstari wa kupita. Pale kwenye kona nilianza kushuku kwamba sehemu kubwa ya usalama huo imeshaamuliwa mtu anapofika kileleni, kabla gurudumu la mbele halijainama.

## Baiskeli baada ya maji

Katika mashindano ya XTERRA, mfululizo wa triathloni za porini yaliyoanzia kisiwani Maui, Hawaii, mwaka 1996, umbali wa kawaida wa mbio kamili ni kuogelea kilomita 1.5, kuendesha baiskeli ya milimani takriban kilomita 30, kisha kukimbia kilomita 10 kwenye njia za porini. Baiskeli ndiyo inayokula muda mwingi kuliko vipande vingine, na ndiyo inayopanga upya orodha ya washindani. Ned Overend, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa baiskeli za milimani mwaka 1990, alishinda taji la dunia la XTERRA mwaka 1998 na 1999, akiwa amevuka umri wa miaka 40. Flora Duffy wa Bermuda, bingwa wa Olimpiki wa triathloni katika Michezo ya Tokyo, ametwaa taji hilo la XTERRA zaidi ya mara moja, na ustadi wake juu ya baiskeli unajulikana vyema. Watu wa namna hii hutupa picha ya udhibiti usioyumba, nasi tunaohangaika nyuma tunadhani kwamba tukijifunza mbinu zao za kuteremka tutakuwa salama kama wao.

Tofauti kati ya mbio hizi na mbio za kawaida za baiskeli za milimani ni kwamba hapa hakuna anayeanza akiwa amepumzika. Mtu ametoka kuogelea akiwa amelala kifudifudi, mabega na mikono ndiyo iliyofanya kazi kubwa, na ghafla anasimama na kukimbia. Damu huvutwa kuelekea miguuni, shinikizo lake hushuka kwa muda, na wengi huhisi kizunguzungu wanapoelekea eneo la kubadilishia, yaani mahali baiskeli zinapowasubiri. Maji yakiwa baridi, vidole hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kupima nguvu ya breki: ama havibani vya kutosha, ama vinabana mno. Mikono inayotakiwa kulegea juu ya usukani ndiyo ileile iliyochoka majini.

Katika hali hiyo ndipo mtu anapoingia kwenye kilomita ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye msongamano mkubwa kuliko zote, kwa kuwa kundi bado halijatawanyika na ujia mara nyingi hupokea baiskeli moja tu kwa wakati.

Kanuni moja katika eneo la kubadilishia hulalamikiwa na baadhi ya washindani kuwa ni ya urasimu, ilhali mimi naiona imejengwa juu ya ufahamu huu: helmeti lazima ivaliwe na kamba yake ifungwe kabla ya kuigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli irudishwe mahali pake. Anayetoka majini hafikiri vizuri. Kanuni inafikiri kwa niaba yake.

Kwa sababu hiyo nimebadili ushauri ninaowapa wanaoniuliza kuhusu mwanzo wa kipande cha baiskeli. Zamani niliwaambia watumie nguvu mapema ili wawapite wengi kabla ya ujia mwembamba. Sasa nawaambia waendeshe dakika za kwanza kwa gia nyepesi, wafungue na kufunga vidole mahali palipo tambarare, na wazijaribu breki zote mbili kwa upole kabla ya kuzihitaji kwa dhati. Breki zilizolowa hujibu kwa namna tofauti na zile zilizojaribiwa jana zikiwa kavu. Vilevile mchanga ulionasa chini ya viatu unaweza kuvizuia visishike kwenye pedali, na ni bora kuligundua hilo kwenye tambarare kuliko kwenye mizizi.

## Sekunde tatu

Wasiwasi wangu mkubwa kuhusu hoja hii ulikuwa wa mshindani. Nikimwambia mtu apunguze kasi kabla ya kilele, namwambia apoteze nafasi, naye hatanisikiliza. Mashindano ni mashindano. Mtu hakufanya mazoezi miezi mingi ili aambiwe apumzike mahali ambapo mwenzake anaongeza nguvu.

Basi nikakaa nikapiga hesabu. Tuseme mtu anapanda mwinuko mkali kwa kilomita 8 kwa saa, na katika mita 50 za mwisho anashuka hadi kilomita 7 kwa saa. Mita hizo 50 zingemchukua sekunde 22 na nusu. Sasa zinamchukua karibu sekunde 26. Amepoteza sekunde tatu na kidogo.

Sekunde tatu, katika kipande kinachowachukua wengi wetu zaidi ya saa moja na nusu.

Kwa gharama hiyo anapata nini? Anapata pumzi mbili tatu za kina kabla ya mteremko. Anapata nafasi ya kubadili gia, kuweka pedali sambamba na ardhi, kushusha tandiko kama baiskeli yake ina nguzo ya tandiko inayoshuka, na kuweka kidole kimoja kwenye kila mkono wa breki. Zaidi ya hayo, anainua macho. Mtu aliyejichosha kupita kiasi huona sehemu ndogo ya kile kilicho mbele yake. Hutazama tairi lake, na baiskeli huelekea pale macho yanapoelekea. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa baiskeli hula mita 10 kila sekunde. Anayetazama mita tano mbele hatazami tena njia anayoweza kuichagua, bali ile ambayo imekwisha kumchagua.

Hesabu hii ndiyo iliyonigeuza. Mtu akienda vichakani, hata bila kuumia, hupoteza muda mwingi kuliko huo kabla hajarudi kwenye tandiko, na mara nyingi hurejea akiwa na hofu inayomfanya abane breki mahali pasipostahili kwa kilomita kadhaa zinazofuata.

## Polepole nako kuna hatari zake

Ningependa makala haya yangeishia hapo, kwa sababu ni rahisi kuyageuza kuwa wito wa kwenda taratibu, nami siuamini wito huo.

Kwenye eneo lenye mawe mengi, gurudumu linahitaji kasi fulani ili liviringike juu ya vizuizi. Anayeingia akiwa na mwendo mdogo mno hukwama kwenye jiwe la kwanza kubwa, gurudumu la mbele linasimama, uzito wa mwili unaendelea, na mtu anarushwa juu ya usukani. Ajali nyingi nilizoziona kwenye mawe hayo zilitokana na kusitasita: mtu aliingia kwa nia ya kupita, akabadili nia katikati, akabana breki ya mbele wakati gurudumu liko kwenye shimo. Breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha baiskeli, na kuiogopa kabisa ni kosa. Inachotaka ni itumike mapema, mahali palipo imara, gurudumu likiwa limenyooka, kisha iachiliwe kabla ya kona au kabla ya mawe.

Mizizi iliyolowa ina sheria yake. Ikivukwa kwa pembe ya mraba tairi hupita. Ikivukwa kwa mshazari tairi huteleza kando bila onyo. Juu yake hakuna kupinda usukani wala kushika breki.

Upepo wa tairi nao unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Tairi lililojazwa hadi kuwa gumu hudunda juu ya mawe na kupoteza mshiko, na bado wapo wanaojaza sana asubuhi ya mashindano kwa kuogopa pancha. Kwa tairi pana zisizo na tyubu, zenye majimaji ya kuziba matundu, waendeshaji wengi huwa kati ya PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 20 na 30, kutegemea uzito wa mtu, upana wa tairi na ukali wa mawe. Upepo ukipungua mno, rimu hugonga mawe na tairi linaweza kuchomoka kwenye kona. Namba sahihi ya mtu hupatikana kwenye njia yenyewe, siku ya kuikagua, wala si kwa kumwiga jirani ambaye uzito wake ni tofauti.

Hapo ndipo mzee wa siku ile anaponirudisha kwenye hoja. Nilimfuata baada ya mashindano nikamuuliza kilichobadilika kati ya siku hizo mbili. Akanieleza kwamba siku ya kukagua alitembea ile sehemu yote kwa miguu, akapanda tena kwa miguu, akachagua jiwe moja jeupe upande wa kushoto kuwa alama yake ya kuachilia breki, na akajiwekea sharti: akifika kileleni akiwa anaweza kutamka sentensi nzima, ataendesha, akiwa hawezi, atashuka na kusukuma.

Sharti hilo lilinivutia kwa sababu halihusu ujasiri hata kidogo. Aliamua akiwa ametulia, na siku ya mashindano alichobakiwa nacho ni kulitii.

## Kushuka na kusukuma

Wengi huona aibu kushuka baiskeli. Aibu hiyo haina msingi katika kanuni, kwa kuwa kutembea au kukimbia huku unasukuma au umebeba baiskeli kunaruhusiwa kwenye mbio hizi, na mahali penye matope au mwinuko mkali hata walio mbele hufanya hivyo wakiona ni haraka zaidi.

Kinacholeta hatari ni kushuka kwa kuchelewa. Anayeamua kabla ya mteremko hushuka kwa mpangilio, husogea pembeni, na huwaachia wengine njia. Anayeamua katikati husimama kwenye mstari uleule ambao watu watatu nyuma yake wameuchagua.

## Kumpita mwenzako

Ujia mwembamba huleta swali ambalo triathloni za barabarani hazilijui sana: ni nani mwenye wajibu wakati wa kupitana? Desturi ninayoiamini ni kwamba anayepita ndiye anayebeba wajibu. Anasema mapema, kwa sauti na kwa adabu, upande anaotaka kupita, na anasubiri nafasi. Anayepitwa hafanyi jambo la ghafla. Anashikilia mstari wake mpaka pawepo upana wa kutosha, kisha anasogea. Nimeona watu wema wakisababisha ajali kwa kutii haraka mno, wakiruka kando kwenye majani yaliyoficha shimo mara tu waliposikia sauti nyuma yao.

Hapa pia pumzi inahusika. Aliyeishiwa pumzi hawezi kusema sentensi, hivyo hupiga ukelele, na ukelele humtisha aliye mbele. Kama huna pumzi ya kumwambia mwenzako unapita upande gani, huna udhibiti wa kumpita.

Kunywa maji nako kunastahili kupangwa. Kutoa chupa kunaondoa mkono mmoja kwenye usukani na kidole kimoja kwenye breki. Kwenye njia zenye tambarare chache, mfuko wa maji wa mgongoni wenye mrija una maana kuliko chupa mbili ambazo mtu hathubutu kuzigusa, hadi anafika sehemu ya mwisho akiwa amekauka na akili imezubaa.

## Aliyegonga kichwa

Kuhusu jambo hili sina shaka yoyote. Aliyeanguka na kugonga kichwa, kisha akaonekana amechanganyikiwa, anauliza swali lilelile tena na tena, anayumba, anataka kutapika au anaumwa kichwa, amemaliza mashindano siku hiyo. Haijalishi kwamba anasema yuko sawa; ubongo uliotikisika si shahidi mzuri wa hali yake wenyewe. Dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiachwe peke yake wala asiendeshe gari, na aonwe na daktari. Helmeti yake haifai tena hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu la ndani hufanya kazi kwa kubonyea, na likishabonyea limekwisha kazi yake.

Anayemkuta mwenzake chini, asimame. Amweke mtu mwingine juu ya kona kuwaonya wanaokuja, kwa sababu ajali ya pili mahali palepale huweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza.

## Wanaopanga njia

Ikiwa ni kweli kwamba mteremko huamuliwa kabla ya mteremko, basi wajibu hauwezi kuachwa wote mabegani mwa mwendeshaji. Aliyechora njia ile aliupeleka mwinuko mkali kuliko yote hadi kwenye ncha ya kilele, na palepale akaanzisha mawe. Hapakuwa na hata urefu wa baiskeli tatu wa kuvuta pumzi. Inawezekana alifanya hivyo kwa sababu ya umbo la ardhi, na ninajua kwamba milima haitengenezwi upya kwa ajili yetu. Lakini mara nyingi ujia unaweza kuzungushwa kidogo kileleni, kupitia kwenye majani au kando ya ukingo, ukawapa watu mita kadhaa tambarare kabla ya kuinama.

Jambo jingine ni kibao cha onyo. Kilisimikwa mwanzoni mwa mteremko, mahali ambapo gurudumu la mbele limekwisha kuvuka ukingo na mwendeshaji hana tena nafasi ya kufanya lolote kuhusu alichosoma. Nimewaandikia waandaaji wa mbio zile nikiwaomba mwaka ujao wakirudishe nyuma, mita 50 au 100 chini ya kilele kwenye upande wa kupanda, na hapohapo wafyeke upana wa kutosha kwa anayetaka kushuka na kusukuma. Nimejitolea pia kusimama tena na bendera yangu, na nimeomba safari hii niwekwe juu ya mteremko badala ya chini yake.